Gamba Lililozibwa kwa Ufizi

Bibi Drahomira Zapletalova alikuwa fundi wa meno ya bandia kwa miaka thelathini na mmoja, na nusu ya wazee wa mji wetu huku kusini mwa Moravia walitafunia kazi ya mikono yake. Akikutana na mtu barabarani alimtazama mdomo kwanza, macho baadaye. "Yule anatafunia upande wa kushoto tu," atakunong'oneza, "na aliniapia yanamkaa vizuri. Mwongo mkubwa." Mimi nilikuwa nakaa ghorofa ya chini yake, mwanamke wa Ujiji niliyeletwa huku na masomo nikabakizwa na ndoa. Tulifahamiana siku maji yalipovuja kutoka kwake yakaingia kwangu, yakaniharibia zulia la harusi. Nilipanda ngazi na hasira zangu zote.

"Vua viatu kwanza, jirani," akaniambia mlangoni. "Utagomba ukiwa na ndara za ndani."

Nikavua, nikaingia, na ugomvi ukaniishia mdomoni. Chumba cha kulala hakikuwa na kitanda. Kulikuwa na matangi ya kioo kumi na mawili, yamepangwa juu ya vyuma toka sakafuni hadi karibu na dari, na yeye mwenyewe alikuwa analala kwenye kochi la sebuleni. Ndani ya matangi kulikuwa na vijisamaki visivyozidi kidole changu cha shahada. Kila kimoja kilikuwa na gamba lake tupu la konokono, kimelifukia mchangani hadi ukabaki mdomo wa gamba tu. Nilipoinama karibu, vyote vikazama ndani ya magamba, tangi likabaki kama halina mtu.

"Hawa ni wa ziwani kwetu!" nikasema. "Magamba yao tunayakanyaga ufukweni. Wenyewe hakuna anayewapa nafasi hata kwenye sufuria."

"Basi liambie ziwa lenu nimeshukuru," akanijibu. "Na zulia nitalilipa."

Magamba ya ziwani hayakupatikana huku, hasa miaka ile ya themanini ambapo hata ndimu ilionekana siku za sikukuu tu. Wafugaji walitumia ya konokono wakubwa wa mashamba ya mizabibu. Kila vuli, zabibu zikishavunwa, Bibi Drahomira alizunguka mashambani na ndoo, akarudi akayachemsha, ngazi nzima ikanuka. Yaliyopasuliwa na matrekta hakuyatupa. Aliyaziba kwa ule utomvu wa rangi ya waridi unaofinyangiwa ufizi wa meno ya bandia, akapiga msasa mpaka ukipitisha ukucha hauoni pa kukwama. Samaki waliingia humo bila neno. Alikuwa akisema hao ndio wateja wake pekee wasiolalamika.

Wengi wa samaki wake walikuwa wa kijivu, wa kawaida. Lakini katika tangi la katikati, usawa wa macho, walikuwepo wa dhahabu. Alikuwa amehangaika nao miaka kumi na mmoja, akichagua huyu, akimtenga yule, akianza upya. Hakuna mwingine nchini aliyekuwa nao. Bibi Drahomira hakujaliwa mtoto, mume alishaondoka zamani na mwanamke wa posta, na alitaka jambo moja tu duniani: samaki wale waandikwe katika kitabu cha aina cha chama cha wafuga samaki, kwa jina lake, aina ya Zapletalova. Kanuni ilikuwa mpaka waonyeshwe kwanza kwenye maonyesho makubwa ya Brno. Alikuwa tayari kuwapeleka vuli ile. Lakini masika kabla yake, nyonga ikamvunjikia kwenye barafu ya mwisho, mlangoni pa duka la mikate.

Wafugaji wa huku wana desturi yao. Ukilazwa au ukisafiri, ufunguo wa nyumba humpi ndugu, unampa mfugaji mwenzio, kwa sababu ndugu atawalisha samaki mkate. Mimi niliyekuwa chini ya sakafu yake niliuomba ufunguo ule, akaninyima.

"Wewe utawalisha kwa huruma," alisema akiwa kitandani hospitali. "Huruma ndiyo inayoua samaki."

Ufunguo akampa Radovan Hanousek, mwenyekiti wa chama, mtu mpana mwenye kofia ya manyoya na sauti ya kuhutubia hata akiagiza bia. Wiki tano baadaye Bibi Drahomira alirudi na magongo mawili. Hanousek alikuwa anamngoja mlangoni kwake, kofia mkononi.

"Bibi Zapletalova, sijui niseme vipi. Hita ya tangi la dhahabu ilikwama. Maji yalichemka. Wamekufa wote."

"Wako wapi?"

"Nimewamwaga chooni. Sikutaka uwaone."

"Na magamba?"

"Yalikuwa yananuka. Nayo nimetupa."

Alilia siku tatu, nasikia kwa juu. Siku ya nne alipika yale matonge ya unga ya kuchemsha na mchuzi wa krimu, akanishushia sahani, akasema mwaka huu hatakwenda Brno, nisimuulize. Sikumuuliza.

Mwaka uliofuata alikubali kwenda, kutazama tu. Nilimwendesha kwa gari la mume wangu. Ukumbi ulikuwa umejaa wanaume wenye sweta, kila mmoja ameshika chupa ya bia na anamfundisha mwenzie. Mbele kabisa, chini ya taa yake peke yake, palikuwa na tangi lenye karatasi: AINA YA HANOUSEK. Humo ndani walikuwa wa dhahabu.

Nataka mnielewe hapa, maana ndipo mwizi alipojifunga. Jike mwenye watoto hatolewi kwenye gamba lake. Ukimlazimisha unawaua. Ukitaka kumhamisha unamchukua na nyumba yake, unaziba mdomo wa gamba kwa kidole gumba, basi. Hanousek alikuwa amewachukua hivyo, na samaki anayelipenda gamba lake haliachi. Siku ile dume lilikuwa limechimba, kama madume yanavyofanya, likatupa mchanga pembeni, na ubavu wa gamba moja ukabaki wazi. Ubavuni palikuwa na ukanda wa rangi ya waridi, upana wa ukucha.

Bibi Drahomira aliinama akautazama muda mrefu. Niliiona shingo yake ikibadilika rangi. Hanousek akaja mbio, amefungua mikono.

"Bibi Zapletalova! Nilijua utafurahi! Baada ya msiba wako nikajiambia, lazima mtu ajaribu tena. Nimewahangaikia, we acha tu!"

"Wazuri," akasema. "Wazuri sana, Bwana Mwenyekiti. Hongera."

Nilijizuia mpaka garini, na garini nikafumuka.

"Umempa hongera? Mwizi amesimama mbele yako unampa hongera? Rudi upige kelele! Gamba si lile pale?"

"Magamba ya kuziba niliwagawia nusu ya chama, jirani. Atasema nilimpa. Ataaminiwa nani, mwenyekiti au kikongwe mwenye gongo?" Akanigeukia. "Uliwaona watoto? Walikuwa wa dhahabu wote?"

"Wote."

"Hata wa kijivu mmoja hukuona?"

"Hata mmoja."

Akacheka. Tangu avunjike nyonga nilikuwa sijamsikia akicheka, na sikukipenda kile kicheko, lakini nilikifurahia. Akanieleza njia nzima. Ukiwaoza dhahabu kwa dhahabu tu, kizazi cha kwanza wazuri, cha pili wazuri zaidi, cha tatu mayai yanageuka meupe na kuoza. Yeye kila alipofika hapo aliingiza jike wa kijivu, mwenye damu ya mbali. Watoto hutoka kijivu wote. Wajukuu ndio wanaorudisha dhahabu, na nguvu wanairudisha pia.

"Hilo hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Hawa wanaabudu damu safi. Mtoto wa kijivu akitokea wanamtupia paka. Wangenicheka."

"Kwa hiyo tunamwacha tu, mpaka yamharibikie?"

"Tumwache?" Alifunga mkanda wake wa gari kwa utulivu. "Tutamsaidia."

Chama kilikutana kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, alasiri, katika chumba cha nyuma cha baa. Bibi Drahomira hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Alhamisi ile alisimama na gongo lake, na mimi nimekaa karibu na mlango kama dereva.

"Mabwana," alisema, "tumepata dhahabu. Mimi nilishindwa, Bwana Mwenyekiti ameweza. Naogopa kitu kimoja. Kesho mjinga mmoja atachanganya dhahabu hii na kijivu, atuaibishe mpaka Ujerumani."

"Kweli kabisa!" akadakia mmoja wa nyuma, povu la bia kwenye masharubu.

"Kwa hiyo naomba iwe kanuni. Dhahabu yenye tone la damu ya kijivu isionyeshwe, isiandikwe kitabuni. Na atakayekutwa anachanganya afutwe uanachama."

Wakagonga meza kwa makopo. Nimewahi kuona watu wakivishwa kilemba cha ukoka, lakini hicho kilikuwa kirefu mpaka kinaburuta chini. Hanousek alisimama, uso umemwiva kwa raha.

"Nami nasema mbele yenu wote: kwenye tangi langu hajaingia kijivu hata mmoja, wala hataingia nikiwa hai!"

"Iandikwe na hiyo," akasema Bibi Drahomira kwa upole, akakaa.

Ikaandikwa. Siku ya pili yake nikamkuta anaosha tangi dogo, anaweka mchanga mpya. Akatia humo majike watatu wa kijivu, wanene, wenye afya. Kila asubuhi alishuka bwawani na wavu wa kitambaa kuwatafutia viroboto wa maji, na mguu ule mbovu.

"Hawa wa nini?" nikamuuliza.

"Kuna mgeni atakuja."

Basi tukangoja. Nasema tukangoja kwa sababu mimi nami nilikuwa na donge langu. Zulia nilishalisamehe, lakini yule mtu sikumsamehe. Kila Alhamisi Bibi Drahomira alimuuliza mbele za watu, kwa sauti ya mlezi, "Mayai yanaendeleaje, Bwana Mwenyekiti?" Mwanzo alijibu, "Tele! Sina pa kuyaweka!" Baada ya miezi sita akawa anasema, "Yapo." Baadaye akawa anaangalia saa. Akabadilisha maji, akabadilisha chakula, akanunua chujio jipya, akamlaumu fundi wa bomba. Dawa ilikuwa vijijike viwili vya kijivu ambavyo angevipata kwa mfugaji yeyote bure, na mkono hakuweza kuunyoosha. Kanuni ilikuwa ukutani, na sahihi yake ilikuwa ya kwanza.

Masika ya mwaka wa pili tukasikia amebaki na madume manne na majike ambayo hayatagi. Hapo moyo wangu ukaanza kunisuta. Nilipanda juu, nikavua viatu, nikamwambia, "Bibi Drahomira, inatosha. Mwambie sasa, wangali wapo. Si ni samaki wako?"

Alikuwa na kile kioo kidogo cha madaktari wa meno chenye mpini, anachungulia ndani ya gamba kama anatafuta jino bovu.

"Bado hajavua kofia," akasema.

"Kofia gani tena?"

"Akiniamkia hunigusia kofia kwa kidole. Siku ile ya kunidanganya aliivua. Ataivua tena."

Nilishuka. Ningeweza kwenda kwa Hanousek mwenyewe nikamwambia. Ni vituo vitatu vya basi. Sikwenda, na sitajisingizia kwamba nilisahau.

Alikuja mwezi wa kumi, mvua inanyesha, nami nilikuwa kwake nakunywa kahawa. Kofia ilikuwa mkononi. Mkono mwingine ulikumbatia chupa pana iliyofungwa skafu ya sufu kuzuia baridi. Alikuwa amekonda, na ile sauti ya kuhutubia ilikuwa imemwisha.

"Bibi Zapletalova," akasema, "ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa nafanyaje nini?"

"Hao wa dhahabu. Kizazi cha tatu. Mayai."

"Mimi wangu walichemka, Bwana Mwenyekiti. Ningejuaje?"

Maji ya mvua yalimtiririka kwenye pua na hakuyafuta. Bibi Drahomira alimngoja, kisha akamwambia avue viatu. Akavua, na soksi ya kulia ilikuwa imetoboka kidoleni. Bibi Drahomira alifungua ile skafu, akatia mkono chupani, akatoa gamba kwa ustadi, kidole gumba kikiwa mdomoni mwake, akapitisha ukucha ubavuni.

"Huu ufizi nilifinyanga Januari, mwaka ule wa theluji nyingi," alisema. "Ni ule uliobaki nilipotengeneza meno ya mke wa kinyozi. Ndani yumo nani?"

"Dume. Ndiye wa mwisho."

"Umebaki na mmoja?"

"Mmoja."

Bibi Drahomira aliinua kidole gumba, akachungulia ndani ya gamba. Dakika moja tu. Kisha akalirudisha gamba majini na kusema, "Huyu unamwacha hapa. Na Alhamisi utasimama useme, kwa mdomo wako, ufunguo niliokupa ulifungulia nini. Ukishasema, dawa utaisikia pamoja na wenzio."

"Bibi Zapletalova, nihurumie. Miaka kumi na minane nimekuwa mwenyekiti."

"Huruma ndiyo inayoua samaki. Mlango uko nyuma yako."

Alhamisi alisimama akasema. Sitasimulia yote, maana kumtazama mtu mzima akijivua nguo hadharani si jambo la kurudia, ingawa siku ile nilitazama mpaka mwisho. Alisema hita haikuwahi kukwama. Alisema aliwachukua kwa safari mbili, kwenye mkoba wa mkewe. Hakuna aliyegonga kopo. Alipomaliza, Bibi Drahomira alisimama akawaeleza juu ya majike wa kijivu, maneno kumi au kumi na mawili, na wale wanaume wakageuka taratibu kuitazama kanuni yao ukutani. Yule mwenye masharubu alisema kwa sauti ndogo, "Ina maana tulimfungia dawa sisi wenyewe?"

"Mlipiga meza kwa makopo," akamjibu.

Hanousek aliondoka akiacha kofia msumarini. Ilikaa pale miezi, hakuna aliyeigusa. Kanuni ilifutwa siku ileile, na katibu akafungua kitabu cha aina, akaandika kwa mwandiko mzuri: Aina ya Zapletalova. Kwenye safu ya mwisho, ya walio hai, akaandika: mmoja. Watu wakampa mkono Bibi Drahomira, mmojammoja, na yeye akamtazama kila mmoja mdomoni.

Dume alikuwa ameshawekwa pamoja na majike wale watatu wa kijivu. Alipokea gamba jipya, akachimba, akawafukuza, akawarudia, alifanya yote anayopaswa kufanya. Siku ya kumi jike mmoja alijifungia ndani ya gamba. Bibi Drahomira alingoja siku mbili, akalinyanyua, akachungulia kwa kile kioo chake cha meno, akanipa nami nichungulie. Mayai yalikuwa meupe kama mchele. Yakawa hivyo kwa wa pili, yakawa hivyo kwa wa tatu, yakawa hivyo mara ya pili kwa wa kwanza. Lile dume lilikuwa zee, na lilikuwa mtoto wa ndugu kwa ndugu mara tatu. Januari tulimkuta amelala ubavu mlangoni mwa gamba lake, dhahabu imeshaanza kufifia.

Alimtoa kwa kijiko, akamfunga kwenye karatasi. Gamba akaliosha bombani, akalikausha kwa kitambaa, akaliweka juu ya dirisha, ule upande wa waridi ukitazama chumbani. Mimi nilishindwa kujizuia.

"Tungesema masika yale," nikamwambia. "Walikuwa wanne. Mmoja angefaa."

"Najua."

"Miaka kumi na mmoja, Bibi Drahomira!"

"Najua kuhesabu, jirani." Aligeuka, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia, lakini uso ulikuwa umetulia kama uso wa mtu aliyemaliza kazi na kufagia karakana. "Alisimama hapo mlangoni, kofia mkononi, akaniambia wamekufa wote. Basi wamekufa. Nimemsaidia tu asiwe mwongo."